Usimuulize kwa nini haondoki, muulize kama ameshawahi kukabwa shingo

Nyie mnaoanza kazi hii ya kupokea watu waliopigwa majumbani, mtu wangu wa kwanza nilimharibia, acha niwaambie vizuri ili msije mkarudia. Alikuja amejifunga skafu shingoni na jua la kutosha nje, sauti imekauka, kila akimeza mate anafumba macho kidogo. Mi nikamuuliza kama ana mafua. Akasema ndiyo, mafua. Basi nikajaza fomu, sehemu ya majeraha nikaandika "hana", nikampa kipeperushi chenye namba zetu nikamuaga. Nesi mmoja mzee aliyekuwa anapita ndo akanivuta pembeni akaniuliza umemwangalia macho? Nikarudi mbio nikamkuta mlangoni, weupe wa jicho una vidoti vyekundu kama mtu kachomachoma na pini. Alikuwa amekabwa usiku wa kuamkia siku ile.

Toka siku hiyo swali la shingo naliuliza kila mtu, hata aliyekuja kwa sababu ya kutukanwa tu. Na usiulize "umekabwa?" peke yake maana wengi wanajibu hapana, kichwani kwao kukabwa ni mpaka uzimie. Uliza ameshawahi kukushika shingo, ameshawahi kukubana pumzi, hata kwa mto, hata kwa mkono kama utani. Mtu akibanwa shingo anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde chache tu, na mara nyingi nje huoni alama yoyote, halafu mshipa uliochanika ndani unaweza kuja kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye, kwa hiyo huyo anapelekwa kwa daktari leoleo hata kama anasema yuko poa. Kuna utafiti wa Marekani wa 2008 uliona mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake uwezekano wa kuja kuuawa naye unapanda zaidi ya mara 7. Yaani kofi na shingo sio kitu kimoja kabisa, na mimi nilikuwa nimeandika "hana".

Sasa hilo la "kwa nini haondoki". Najua linawawasha, mimi pia lilinisumbua karibu mwaka mzima nikawa nawasukuma watu waondoke kama vile nawauzia tiketi ya basi. Ukweli ni kwamba kipindi cha kuondoka, yaani pale jamaa anapogundua kuwa anaachwa na wiki na miezi inayofuata, ndo kipindi cha hatari kuliko vyote. Anayebaki mara nyingi si mjinga, amepiga hesabu ambayo wewe huioni, anajua leo amekunywa kiasi gani, anajua mlango gani unapiga kelele, anajua akitoka saa hizi watoto watabaki na nani. Kuna nesi Mmarekani anaitwa Jacquelyn Campbell, mwaka 1985 alitengeneza orodha ya maswali ya kupima hatari ya kuuawa ambayo mpaka leo inatumika: kuna bunduki, anatishia kukuua, anakulazimisha tendo la ndoa, vipigo vimeongezeka mwaka huu, alikupiga ukiwa mjamzito. Jifunzeni kuuliza maswali ya namna hiyo kwa sauti ya kawaida, bila kukunja sura. Na swali la "wewe mwenyewe unaona anaweza kukuua?" usiliruke hata kama linakutia aibu. Akisema ndiyo mwamini. Akisema hapana bado endelea na mengine, maana wapo wengi tu wanaoishusha hatari yao.

Halafu karatasi. Kile kipeperushi nilichompa yule dada kilikutwa kwenye pochi na mume wake, nilikuja kujua baadaye sana, na sitaki kueleza kilichofuata. Siku hizi mtu hatoki kwangu na karatasi mpaka nimuulize pochi yako nani anafungua. Simu hivyohivyo, usimpigie wala kumtumia meseji kabla hajakuambia saa ngapi yuko peke yake na akipokea mwingine useme unatafuta nani. Uliza nani aliyemnunulia hiyo simu, nani anajua paswedi, kama lokesheni yake mtu anaiona. Ila usimwambie tu azime lokesheni ghafla, jamaa anayefuatilia kila saa akiona imezimwa anaanza kuuliza maswali na mnakuwa mmemchomea.

Mpango wa usalama mnaupanga naye, sio unampa. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ufunguo wa akiba, dawa za kila siku, hivyo vikae kwa mtu ambaye jamaa hatamfikiria. Jirani mmoja awe na neno la siri. Ugomvi ukianza asikimbilie jikoni wala bafuni, jikoni kuna visu na bafuni hamna njia ya kutokea. Kama alilazimishwa tendo usiku uliopita acha fomu zako kwanza, PEP ya kuzuia VVU inatakiwa ndani ya saa 72 na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kila saa inayopita ina gharama.

Kuna kitu kinaitwa usuluhishi ambacho mtakipenda sana mwanzoni kwa sababu kinaonekana kistaarabu. Mnawakalisha wote wawili, wazee wapo, kila mtu anasema lake. Kumbe mama anaongea huku anaangalia mkono wa mume wake juu ya meza, kidole kikigonga mara mbili ananyamaza, mi nimeliona hilo kwa macho yangu. Kile atakachosema pale atakilipia nyumbani. Msiwaweke chumba kimoja, mwisho wa habari, hata kama bosi anataka takwimu za kesi zilizomalizika.

Watoto nao wapo mle ndani ingawa kila mzazi atakuambia "walikuwa wamelala". Hawakuwa wamelala. Mtoto wa nyumba hizo anajua mlio wa funguo, akisikia anajua leo ni siku gani, anazima tivii kabla hajaambiwa. Shuleni mwalimu anasema ni mtundu au anasema ni mtulivu sana, na yote mawili yanaweza kuwa jambo lilelile. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wa 1998 ulihesabu kumwona mama akipigwa kuwa moja ya majeraha ya utotoni yanayoambatana na magonjwa ukubwani, na ndo maana nasema hii sio "mambo ya ndani ya watu wawili". Shirika la Afya Duniani lilikadiria 2021 kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amepitia ukatili wa kimwili au kingono, mwingi ukiwa wa mwenza wake. Hao ni wafanyakazi wanaofika kazini wamechelewa na miwani ya jua, wanafukuzwa kwa "utoro", halafu mshahara ukikatika mlango wa kutokea unazidi kuwa mwembamba. Wanaume wanaopigwa pia wapo, wanakuja wakicheka, msicheke nao.

Kwenye maandishi andikeni maneno yake jinsi alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu. "Amesema", sio "anadai". Chora alama iko wapi, rangi gani, ukubwa kama wa nini, maana faili hilo linaweza kuja kusomwa mahakamani wakati wewe ulishahama kitengo.

Yule wa skafu alirudi baada ya miaka miwili, safari hii na begi na watoto na vyeti vyote ndani ya bahasha. Aliyempokea mlangoni alikuwa mwingine, akamuuliza anamtafuta nani, akasema namtaka yule aliyeniuliza mafua.