Mchicha ulionyauka, maharage yanayogoma: majibu kuhusu ukuta wa seli

*Nauza mchicha hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mchana unanyauka, nikiutia maji unasimama tena. Kwa nini?*

Mama, kila seli ya mchicha, yaani chembe hai ndogo inayoujenga, ni kama mfuko wa maji uliozungushiwa ukuta wa selulosi, nyuzi imara za mmea. Maji yakiingia, mfuko unavimba na kuusukuma ukuta, nao ukuta unakataa kupasuka. Msukumo huo ndio unaosimamisha jani, na mara nyingi unazidi ule wa tairi la gari. Jua likikausha maji, msukumo unaisha na jani linalala. Usinyunyizie majani tu. Simamisha mashina kwenye beseni la maji, tena mapema. Seli zikishakufa, maji hayatazirudisha.

*Maharage mapya yanaiva upesi, ya msimu uliopita yanamaliza mkaa. Tatizo ni mkaa? (Kasulu)*

Mkaa hauna kosa. Kati ya ukuta wa seli moja na wa jirani yake kuna gundi iitwayo pektini. Harage huiva pale gundi hiyo inapoyeyuka na seli kuachana, ndipo unapolibonyeza kwa vidole likapondeka. Likikaa miezi mingi kwenye ghala lenye joto na unyevu, madini kama kalisi hushikana na pektini, na gundi inakuwa sugu.

Loweka usiku kucha. Magadi kidogo hulegeza pektini haraka, ila yakizidi huharibu vitamini B1 na kuleta ladha ya sabuni. Na tafadhali, nyanya na ndimu vitie maharage yakishaiva, kwa sababu uchachu huzuia pektini kuyeyuka. Nimekaa kwenye swali hili kwa makusudi: kila saa ya ziada jikoni ni mkaa, na mkaa wetu unatoka kwenye miombo.

*Kabati la mninga alilotengeneza babu bado ni gumu. Ina maana mbao haifi? (Fundi seremala, Ujiji)*

Imekufa, fundi, na sehemu kubwa ilikufa mti ukiwa bado umesimama. Seli za mbao zikikomaa hujenga ukuta wa pili ndani ya ule wa kwanza, huukaza kwa lignini, kitu kigumu kinachoupa mti ugumu wake, kisha hufa na kuacha kuta. Unachopiga randa ni kuta tupu. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza aliweka kipande cha gome la mti, lile la kutengenezea vizibo, chini ya hadubini akaona vyumba vitupu kama hivyo. Jina "seli" lilianzia hapo.

*Mwalimu, na sisi watu tuna ukuta wa seli? (Kidato cha kwanza)*

Hatuna, mwanangu. Seli zetu zina utando tu, yaani ngozi laini na nyembamba inayoizunguka seli. Lakini kwenye mtihani usiandike kwamba mmea una ukuta badala ya utando: unavyo vyote viwili, utando ukiwa ndani. Ukuta wenyewe una vitundu vidogo sana, na kupitia humo seli jirani hupitishiana maji na sukari.