Yai kwenye kahawa? Ndiyo, lipo
Ndugu yangu uliyeuliza kama kweli kuna watu wanatia yai kwenye kahawa: kweli kabisa. Ni Hanoi, Vietnam. Walianza 1946 maziwa yalipoadimika, wakapiga kiini cha yai na sukari mpaka likatoka povu zito, wakalimimina juu ya kahawa. Kaskazini mwa Ufini nako hutumbukiza vipande vya jibini, kisha wakavila kwa kijiko. Hapo mimi simo. Lakini walionishinda ni wa Yogyakarta, Indonesia: kaa la moto, jekundu, linatiwa ndani ya glasi, chwaa! Sisi huku Mji wa Kale, Mombasa, makaa yetu hukaa chini ya dele, birika la kahawa, na kahawa tungu huteremka kwa kashata au haluwa. Ukiomba maziwa, muuzaji atakutazama tu.