Mwanangu, modeli kukubaliana na data peke yake haitoshi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza, "Mama, kama modeli mbili za nyutrino zote zinakubaliana na data, mnajuaje ipi bora? Na hiyo ya anaki si uvivu tu, mnatupa namba hovyo alafu mnasema zimekubali?" Nimelifurahia sana swali lako na nataka nikujibu kwa hesabu kabisa, kwasababu hapa maneno matupu hayasaidii.

Nikukumbushe kwa ufupi. Nyutrino, zile chembe ndogo mno zisizo na chaji, ziko za aina tatu na zikisafiri zinabadilika kutoka aina moja kwenda nyingine, jaribio la Super-Kamiokande kule Japani walilionyesha hilo 1998, jaribio la SNO la Kanada wakalithibitisha 2001 na 2002, na kubadilika huko maana yake zina masi. Namna zinavyochanganyika tunaiandika kwa pembe tatu, theta 12 ni kama nyuzi 34, theta 23 iko jirani na 45, na theta 13 ni kama nyuzi 8 na nusu. Sasa kwanini namba hizi na sio zingine? Hapo ndo watu wanagawanyika. Kuna wanaosema nyuma yake kuna simetri, yaani kanuni ya ulinganifu inayozipanga, na muundo wao uliovuma sana ni wa tribaimaksimo wa Harrison, Perkins na Scott wa 2002, unaosema sin²θ12 ni theluthi moja, theta 23 ni 45 kamili na theta 13 ni sifuri. Na kuna Hall, Murayama na Weiner waliosema hamna muundo wowote, matriksi, yaani lile jedwali la namba za kuchanganyika, imetokea kibahati tu, ndo hiyo anaki.

Sio uvivu mwanangu, na hili nalitetea. Ukishasema hakuna upande wowote unaopendelewa, hesabu yenyewe inakufunga mikono, yaani sin²θ12 lazima isambae sawasawa kati ya 0 na 1, na kwa theta 13 kinachosambaa sawasawa ni cos⁴θ13. Vipimo vinasema sin²θ13 ni kama 0.022, kwahiyo uwezekano wa anaki kutoa namba ndogo hivyo au chini yake ni 1 kutoa 0.978 mara 0.978, karibu asilimia 4. Imebanwa lakini haijafa. Tribaimaksimo tupu ndo imekufa, maana mwaka 2012 jaribio la Daya Bay kule China walipima theta 13 wakakuta sio sifuri, kwa zaidi ya sigma 5, yaani ni vigumu mno iwe bahati tu.

Sasa tuje kwenye kulinganisha kwenyewe. Kwa njia ya Bayes hatuulizi tu kama modeli inaweza kuifikia data, tunauliza kabla ya kipimo iliweka uwezekano kiasi gani pale pale data ilipoangukia. Ni kama kubeti, mwenye hela ileile akiitawanya kwenye matokeo yote hakosi kupata kitu lakini anapata kidogo, aliyeweka pachache akipatia anavuna. Tuseme kuna modeli ya simetri iliyorekebishwa inayosema sin²θ13 iko popote kati ya 0 na 0.05, msongamano wake wa uwezekano pale ni 20 (1 gawanya kwa 0.05), wa anaki pale pale ni kama 1.96 (2 mara 0.978), kwahiyo simetri inaongoza mara 10. Lakini angalia, mwandishi huyohuyo akisema marekebisho yake yanaweza kufika 0.25, msongamano unashuka hadi 4 na uongozi unabaki mara 2 tu. Data haijabadilika hata kidogo! Kilichobadilika ni masafa aliyoyachagua yeye, ndomaana mimi nikisoma paper ya namna hii naanzia pale wanapoeleza vigezo vyao viliruhusiwa kutembea wapi hadi wapi, na wasiposema siendelei.

Kitu kingine kinachonisumbua zaidi ni modeli kutungwa baada ya namba kujulikana. Tribaimaksimo yenyewe ilikuja wakati theta 12 na 23 zimeshaonekana kwa kiasi fulani, huwezi kuipa sifa zote kwa kuzipatia hizo. Ndomaana naipenda sana kazi ya Albright na Chen ya 2006, walikusanya modeli 63 wakaandika kila moja inatabiri theta 13 ya ukubwa gani, miaka sita kabla ya Daya Bay, na kipimo kilipokuja zile zilizokaa karibu kabisa na sifuri zikaenda na maji.

Ukitaka mfano ulio hai leo chukua TM1, inayobakiza safu wima ya kwanza ya tribaimaksimo na kuachia zingine. Yenyewe inasema sin²θ12 ni 1 kutoa 2 gawanya kwa 3cos²θ13, ukiweka namba unapata 0.318, haina pa kukimbilia. Jaribio la JUNO kule China walianza kukusanya data mwezi wa nane 2025 na matokeo yao ya kwanza ni karibu 0.309, na kosa la kipimo, yaani kiasi wasichokuwa na uhakika nacho, ni karibu 0.009. Kwa theta 12 peke yake TM1 inaizidi anaki zaidi ya mara 25. Mimi bado siipi hizo 25 zote, kwasababu 0.31 tulikuwa tunaijua zamani. Ila kosa likishuka hadi 0.002, na JUNO wanalenga chini ya asilimia 1, basi jibu likitua kwenye 0.318 TM1 itaongoza kama mara 200, na likibaki 0.309 anaki ndo itaishinda zaidi ya mara 100. Fanya hiyo hesabu mwenyewe kwa kengele ya Gauss, ule mchoro wa kawaida wa makosa ya vipimo, alafu rudia kwa TM2, inayobakiza safu wima ya pili, ambayo sin²θ12 yake ni 1 gawanya kwa 3cos²θ13, uniambie umepata ngapi.

Mama yako