Ungepuliza salfa mapema

SWALI: Shikamoo mwalimu. Msimu huu mikorosho yetu imeshikwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, maua yamekauka. Kaka haniachi: "Ungepuliza salfa mapema, tungevuna." Namjibu hata ningepuliza dawa hiyo, jirani hakupuliza (huwa anaazima mashine yetu), na ugonjwa ungetufuata kwa upepo kutoka kwake. Nani mkweli, ikiwa jambo lenyewe halikutokea?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa shamba.

Mwaka 1947 mwanafalsafa wa Marekani, Nelson Goodman, alihangaika na swali hilihili kwa njiti ya kiberiti. Twasema: ingekwaruzwa, ingewaka. Hapo tumeshikilia kimyakimya kwamba ni kavu. Mbona hatushikilii kwamba haikuwaka, tukasema basi ingekuwa imelowa? Goodman alitafuta kanuni ya kuchagua yapi yabaki yalivyo, akakuta kanuni yenyewe inataka kwanza tujue yapi yangebaki.

Mwanafalsafa mwingine, David Lewis, mwaka 1973, akasema: wazia hali ambamo umepuliza, mengine yakifanana na hali halisi kadiri inavyowezekana. Humo mnavuna? Basi kaka kasema kweli. Kufanana kwa lipi, ndipo penye ugumu. Mwanafalsafa Kit Fine alimbana mwaka 1975: Rais Nixon wa Marekani angebonyeza kitufe, vita vya nyuklia vingezuka. Nani atabisha? Lakini kwa kipimo cha Lewis, hali inayofanana zaidi na yetu ni ile ambamo kitufe kimegoma na vita havikuzuka!

Kwa hiyo mimi nauliza hivi: lipi lilikutegemea wewe, na lipi halikukutegemea? Upepo haukukutegemea, uache ulivyokuwa. Jirani je? Ungewasha mashine alfajiri, salfa ikanata kwenye umande, mngurumo ukafika kwake, huenda angekuja kuiazima. Kutopuliza kwake pengine kumetokana na kutopuliza kwako, nawe unakutumia kama ngao. Hapo hoja yako inalegea.

Kaka naye asishangilie. Salfa ilikuwepo wakati ule? Pesa ya kuinunulia? Kama havikuwepo, maneno yake yanaweza kuwa kweli na lawama isikuhusu kabisa. Hayo ni mambo mawili, na naona nyumba nyingi huku kwetu Mtwara zinayachanganya hadi ndugu hawasalimiani.

Kamuulize jirani. Atakujibu "ningekuja", na jibu hilo nalo ni la jambo ambalo halikutokea, kwa hiyo usiishie hapo. Angalia misimu ile mliyopuliza mapema: alikuja kuazima, au hakuja?