Fungua hiyo bandeji kwanza, salamu baadaye

Mdogo wangu, umeandika kwamba uko fildi wodi ya watoto, una mtoto wa miezi 10 aliyechomoa kanula (kile kimrija cha plastiki cha dripu kinachokaa mshipani) mara mbili, ukamviringishia bandeji kuanzia vidoleni mpaka kiwikoni, "imekaa vizuri sana", na unauliza kama unaweza kuiacha mpaka asubuhi. Hapana! Nimesoma nikiwa nimeshika kikombe cha chai, chai imepoa.

Hiyo bandeji yako mimi nimeshaifunga. Wodi moja huku Nyanda za Juu Kusini, mwezi wa 7, zamu ya usiku, baridi ile ambayo watu wa Dar ukiwasimulia wanacheka. Mtoto wa mwaka mmoja na kidogo, nimonia, hanyonyi, anakwenda na dekstrosi ya asilimia 10, yaani dripu ya sukari. Dada mmoja mkongwe akaniambia: funika kabisa, mtoto asipoiona haichezei. Nikaona hekima hiyo. Hakunikumbusha kwamba na mimi sitaiona. Nikafunga bandeji, juu yake soksi, juu ya soksi blanketi. Nikajiona nesi bora wa mkoa.

Saa nane usiku bibi yake, mama mpole wa Kinyakyusa, akaja mezani. "Sista, mkono wa mjukuu wangu umekuwa mzito." Nikaenda. Nikatazama wapi? Kwenye chupa. Matone yanadondoka. Nikamwambia, "Bibi, dripu inakwenda vizuri, huyo ana usingizi tu." Akasema ndaga, yaani asante, akarudi kukaa. Ile ndaga inanikwaruza mpaka leo.

Sikiliza: matone kudondoka si ushahidi kwamba kanula iko mshipani. Nyama ya mtoto ni laini, inapokea maji tu. Hata ukivuta damu ikarudi, bado usijiaminishe. Saa kumi na mbili asubuhi nikafungua. Mkono umeumuka kama andazi la soko la Mwanjelwa, ngozi imekaza inang'aa, imepauka, malengelenge mawili nyuma ya kiganja, na bandeji imeacha mikunjo kama kamba. Dekstrosi kali ikikaa nje ya mshipa inaharibu nyama. Ngozi ikafa, kipande kama sarafu ya shilingi mia. Kidonda kilisafishwa wiki kadhaa na kovu lipo. Kwenye kikao yule dada hakukumbuka kuniambia chochote. Ana kumbukumbu kali sana ya zamu za watu na madeni ya vikoba, ila siku hiyo ikazima kama umeme.

Kwa hiyo kanula ya mtoto ionekane. Basi. Pale inapoingilia paachwe dirisha. Kama wodi ina plasta ya kuonyesha ndani, weka hiyo. Kama haina, plasta nyembamba zishike mabawa ya kanula, tundu libaki wazi kwa macho yako. Chini ya mkono weka kipande cha boksi ulichokizungushia pamba na gozi ili kiungo kisikunjike, na ncha za vidole zibaki nje. Dripu ikiwa inakwenda, kila saa funua blanketi, tazama, gusa, linganisha na mkono wa pili. Kulinganisha ndiyo kazi yenyewe huku kwetu, maana Julai mikono yote miwili ni ya baridi na ubaridi peke yake hautakuambia kitu. Amelala? Washa tochi ya simu. Ukikuta joto na wekundu unaofuata mshipa, hiyo nayo itoke.

Ukikuta uvimbe, funga dripu hapo hapo. Usisukume maji kujaribu kama inapita (nilisukuma, ndiyo, cheka tu). Vuta kwa bomba la sindano kilichobaki ndani ya kanula, ndipo uitoe. Inua mkono, zungushia kalamu mpaka wa uvimbe ujue kama unaongezeka, mwite daktari na umtajie ni dawa gani ilikuwa inapita, kwa sababu zipo zinazochoma kuliko nyingine. Na mama au bibi akikwambia mkono si wa kawaida, anza na mkono, chupa baadaye. Yeye ameushika usiku kucha, wewe umepita mara mbili.

Kanula ikae siku ngapi? Mtoto habadilishiwi kwa kalenda, anabadilishiwa ikiharibika, na isipotumika inatolewa, haiachwi "tukihitaji". Kabla na baada ya dawa pitisha maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mdomo wa kanula ukiwa umeusugua kwa spiriti na mikono umenawa.

Weka simu chini. Nenda kafungue, halafu urudi hapa uandike umekuta nini.