Maswali ya Jukwaani: Mshumaa wa Lady Macbeth

SWALI: Mhariri, kikundi cha shule yetu kinaandaa Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, na onyesho litafanyika uwanjani. Binti anayeigiza Lady Macbeth anatembea usingizini akiwa na mshumaa mkononi, hivyo kunawa damu anayodhani iko mikononi kunamshinda. Nimesikia Sarah Siddons, mwigizaji wa zamani wa Uingereza, aliuweka chini. Alifanyaje? – Mwalimu, Dodoma Mjini

JIBU: Ndugu Mwalimu, ulivyosikia ni kweli. Siddons alipoigiza nafasi hiyo ukumbi wa Drury Lane, London, tarehe 2 Februari 1785, watazamaji walimkumbuka bado Hannah Pritchard, aliyeigiza nafasi hiyo kabla yake, ambaye mshumaa haukumtoka mkononi. Meneja Sheridan alimfuata Siddons hadi chumba cha kuvalia akimsihi asivunje desturi. Siddons alikataa, na baada ya onyesho Sheridan mwenyewe alimpongeza. Anayetaka kutoa damu mikononi anahitaji mikono yote miwili!

Wekeni meza ndogo jukwaani mapema. Binti aingie kwa hatua za mtu aliye macho, maana Siddons hakunyata kama mzimu. Taa aitue mezani bila kupapasa. Akiitafuta meza, usingizi umekwisha. Kisha ajimiminie maji yasiyoonekana, kama anayenawa kwa birika, asugue, anuse, ndipo aseme. Wengi hukosea hapa: wanasema na kusugua kwa pamoja, maneno yanameza mikono. Akitoka aondoke na taa, la sivyo macho ya watu yatabaki mezani wakati Daktari, mhusika anayemtazama, anamalizia maneno yake.

Moto wa kweli uacheni. Upepo wa Dodoma mwezi Julai utauzima, na gauni refu la kulalia linashika moto upesi. Tochi ndogo ndani ya kandili inatosha. Kumbukeni kumbi mbili za London: Covent Garden iliteketea 1808 na Drury Lane 1809.

Siddons aliaga jukwaa kwa nafasi hiyohiyo, Covent Garden, tarehe 29 Juni 1812. Baada ya onyesho la usingizini watazamaji hawakukubali mchezo uendelee.

SWALI: Enzi hizo kuna mtu mweusi aliyeigiza Othello, shujaa mweusi wa Shakespeare, Uingereza? – Msomaji, Kondoa

JIBU: Yupo, Ira Aldridge, Mmarekani. Alimwigiza London tangu 1825. Tarehe 25 Machi 1833 Edmund Kean, bingwa wa tanzia wa wakati huo, alianguka akiwa Othello jukwaani Covent Garden, akafariki Mei. Tarehe 10 Aprili Aldridge alisimama jukwaa lilelile. Magazeti kadhaa ya London yalimshambulia kwa rangi yake, na baada ya usiku wa pili hakuendelea pale. Akazunguka miji mingine ya Uingereza, kisha Ulaya, alikoheshimiwa mno, hadi alipofariki Łódź, Poland, mwaka 1867.