Tulivyoanza kushindana kusoma mita, maji ya tenki yakaanza kufika siku ya mgao

Nyumba ninayopanga hapa Nkuhungu, Dodoma, tuko familia sita, watu 23 ukihesabu na watoto, na kwa miaka yote tulikuwa na mita moja tu ya maji pale getini. Bili ikija inagawanywa kwa vichwa, na kila mwezi lazima watu wanuniane, maana anayeshinda kazini mpaka usiku anahesabiwa kichwa kimoja sawa na anayeshinda nyumbani anafua, halafu hakuna hata mmoja anayeweza kusema kwa uhakika nani ametumia kiasi gani, ni maneno tu.

Ila bili haikuwa ndo shida kubwa, shida ilikuwa tenki. Tuna simtenki la lita 5,000 juu ya mnara, na mtaa wetu maji yanatoka kwa mgao Jumanne na Ijumaa. Likijaa Jumanne, Alhamisi usiku limekata. Likijaa Ijumaa, Jumapili usiku limekata, Jumatatu nzima tunasubiri guta la kuuza madumu ya maji, dumu shilingi 500, na mwenye mtoto mchanga hawezi kukwambia nguo za mtoto zisubiri kesho.

Na Dodoma tuwe wakweli, huu sio mji wa kuchezea maji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza kuelekea Desemba mpaka Aprili hivi, wastani wa mwaka ni milimita 550 hadi 600, hatuna ziwa wala mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima, maji ya mjini kwa miaka mingi yametegemea visima virefu vya Mzakwe kule bonde la Makutupora. Watu nao tumeongezeka, sensa ya 2012 tulikuwa 410,956, ya 2022 tukawa 765,179. Kwahiyo hata visima vikiongezwa, na vimeongezwa, mimi na wewe kuna sehemu yetu ya kufanya.

Wazo lilitoka kwenye LUKU, ile mita ya umeme unayolipia kabla ya kutumia. Umeme nyumba hii hatugombani, kila familia ina LUKU yake, na mtoto wa darasa la tatu anajua uniti zimebaki ngapi, akiona zimebaki nne anazima tv mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Maji sasa, unatumia leo unakuja kuambiwa baada ya siku 30, na unachoambiwa ni namba moja ya nyumba nzima, haikwambii kama ni ile siku uliyofua mablanketi au ni choo kinachovuja. Utajirekebisha vipi kwa kitu ulichoambiwa mwezi umeshaisha? Kuna bibi mmoja Mgogo nyumba ya pili, yeye amekulia kwenye kuchimba maji mchangani kwenye korongo kiangazi kikikolea, aliniambia zamani aliyebeba ndoo kichwani hakuhitaji kupimiwa, shingo ilikuwa inamwambia ametumia kiasi gani. Nilikaa na hilo neno siku kadhaa. Bomba limetupunguzia mzigo, tunashukuru sana, lakini limeondoka na ile habari ya shingo, na hiyo habari ndo inatakiwa irudishwe.

Basi tukachanga, mwenye nyumba akaongezea, tukanunua mita ndogo sita za nusu inchi, fundi bomba akazifunga kila familia na yake. Hapa nisikilize vizuri maana kuna watu watatu wameniuliza na wote walikuwa wamekosea sehemu ile ile. Kama una tenki usifunge mita kabla ya tenki ukadhani unapima matumizi yako, ile inapima maji yanayoingia siku ya mgao, inakimbia masaa machache halafu inalala siku tatu, haikwambii kitu kuhusu ndoo uliyochota saa hizi. Tena bomba likikaa kavu siku mbili tatu, maji yakirudi yanasukuma hewa mbele yake na hewa nayo inazungusha mita. Funga baada ya tenki. Na uifunge pale macho yanapopita, sisi zetu fundi alitaka kuziweka nyuma ya nyumba karibu na shimo la choo, nikakataa, ziko ukutani pale kwenye mabomba ya uwanjani, usawa wa kifua, huwezi kuchota maji bila kuziona. Mita iliyofichwa kwenye kisanduku chini ya majani haimbadilishi mtu yeyote.

Kusoma ni rahisi. Kwenye mita zetu namba nyeusi ni uniti, uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50, na zile nyekundu ni lita. Katikati kuna kinyota kidogo, kikizunguka ujue maji yanatembea. Siku ya kwanza nilifungua bomba la bafu nikamwambia mwanangu aangalie mita dakika moja, ikasoma lita 8. Mimi nilikuwa naoga dakika kumi, hayo ni madumu manne, kuoga tu, wakati ndoo moja inanitosha na nabakiza ya kusuuza taulo. Hakuna mtu aliyenihubiria, niliona namba, kesho yake nikahamia kwenye ndoo.

Tukapaka rangi nyeusi kipande cha ukuta pembeni ya mita, kikawa ubao. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili usiku watoto wanasoma, wanaandika kwa chaki, mmoja anapiga picha anarusha kwenye grupu letu la WhatsApp. Wiki ya kwanza tu ubao ukatuonyesha kitu ambacho bili isingekuja kutuonyesha hata mwaka mzima, familia moja namba yake ya usiku ilikuwa kubwa mno, tukaisoma saa nne usiku na tena saa kumi na moja alfajiri, lita 63 zimeenda, watu wamelala! Hiyo ni lita 9 kila saa, lita 216 kwa siku, karibu madumu kumi na moja, kwa mwezi uniti sita na ushee. Kumbe mpira wa ndani ya tenki la choo umechakaa, maji yanateleza kwenye sinki kimya kimya, husikii wala huoni. Ukitaka kujua chako kama kinavuja tia rangi kidogo ya chakula ndani ya lile tenki la choo, usiflashi, subiri nusu saa, rangi ikitokea chini kwenye sinki basi unavuja. Mpira mpya ni hela ndogo sana kulinganisha na uniti sita kila mwezi.

Kwahiyo kabla ya kushindana na mtu yeyote, fanya hiyo ya usiku kwanza. Soma mita ukienda kulala, soma ukiamka kabla mtu hajagusa maji. Ikisogea, tafuta. Na ujue mita za bei ya chini hazioni matone madogo, koki inayodondoka taratibu inaweza isisogeze namba kabisa, hiyo itege na kikombe usiku asubuhi utaona kilichojaa.

Mashindano sasa, hapa ndo tulijifunza kwa kukosea. Wiki ya kwanza tulihesabu lita tupu, mdogo wetu anayeishi peke yake akashinda, familia ya watu saba ikawa ya mwisho na mama akanuna kabisa, akawa na haki. Wiki ya pili tukagawanya kwa vichwa, ikaonekana afadhali, lakini dada anayesuka na kuosha nywele za wateja pale nyumbani akabaki chini na mwenye mtoto mchanga akabaki chini, na hawa hawakuwa wanamwaga maji, wanayahitaji. Wiki ya tatu tukapata dawa yake, kila familia inashindana na yenyewe. Tukachukua wastani wa zile wiki mbili za mwanzo kuwa mwanzo wako, halafu kila Jumapili tunaangalia nani amepunguza asilimia kubwa zaidi kutoka kwenye mwanzo wake. Hapo hata wa watu saba anaweza kumshinda wa peke yake, na alishinda, wiki mbili mfululizo. Zawadi ni kila familia inachanga jero (shilingi 500), mshindi ananunuliwa zabibu kama ni msimu wake, nje ya msimu anapewa sabuni ya unga. Ni kitu kidogo lakini uone watu Jumapili jioni wanavyokusanyika pale ukutani.

Nikushauri pia namba mbaya usimwandikie mtu kwa jina ukaipigia kelele kwenye grupu. Siku moja mtu aliona aibu akaanza kununua madumu ya guta ili mita yake isome kidogo, anatumia hela mara mbili ili asionekane wa mwisho. Tuliongea naye taratibu, sio mbele za watu, na toka hapo ubao unataja mshindi na yule aliyepanda nafasi tu. Ushindani ukimfanya jirani ajifiche, umeshaharibika huo.

Na kuna jambo silegezi hata kidogo. Kunawa mikono na kuosha watoto uso sio sehemu ya mashindano. Mkoa wetu umepigana na vikope, ule ugonjwa wa macho wa trakoma, miaka mingi, wilaya ya Kongwa hasa inajulikana kwa hilo, na moja ya kinga zake ni uso wa mtoto kuwa msafi, na kuosha uso hakumalizi hata lita moja. Nilimsikia mtoto akimwambia mwenzie asinawe wasije wakashindwa, nikasimamisha kila kitu siku hiyo, tukawakalisha watoto wote tukaongea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku, kwahiyo familia ikishafika karibu na 50 kwa kichwa sisi tunaitoa kwenye kushuka, inabaki kulinda pale ilipo.

Nilisoma kuhusu chuo cha Oberlin kule Ohio, Marekani, mwaka 2005 walishindanisha mabweni ya wanafunzi wiki mbili kupunguza umeme na maji huku wakionyeshwa matumizi yao. Umeme ukashuka asilimia 32, maji asilimia 3 tu. Hiyo 3 ilinifikirisha sana, na nilivyoangalia kwetu nadhani naelewa. Taa unaizima kwa kidole, imeisha. Maji yamekaa kwenye mikono yako, namna unavyofua, unavyoosha vyombo, unavyoacha bomba wazi wakati unapaka sabuni, hiyo haibadiliki kwa wiki mbili. Sisi mwezi wetu wa kwanza wa mashindano, ukitoa kile choo, mabadiliko yalikuwa madogo kabisa, nusu ya watu wakataka kuacha. Kilichosogeza ni vitu vya mikono, beseni la pili la kusuuzia vyombo badala ya bomba linalotiririka, maji ya kusuuzia nguo kuwekwa kwenye ndoo ya kuflashia choo na kudekia, siku ya kufua kuhamia siku ya mgao.

Kuhusu hiyo siku ya kufua, kijana mpangaji mwenzetu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndo alitusaidia. Alifunga kwenye mfuniko wa tenki kifaa kidogo kinachopima kwa mawimbi ya sauti umbali mpaka kwenye maji, kinatuma kwenye simu tenki limebaki asilimia ngapi. Sasa mtu yuko kazini Mtumba, kule mji wa serikali, anaona Jumatano mchana tenki limebaki asilimia 60, anapiga simu nyumbani, yale mapazia yasubiri Ijumaa. Umeme ukikatika kinazima, kwahiyo ubao wa chaki hatujautoa na sitakushauri uutoe. Kama huna hela ya kifaa anza na chaki, sisi tulianza na chaki.

Mwezi wa nne tangu tuanze tulisoma mita kuu, kutoka uniti 58 kwa mwezi za mwanzo tulikuwa 43. Uniti sita na nusu hivi ni kile choo, zilizobaki ni mikono ya watu. Kwa kichwa tumetoka lita 84 kwa siku mpaka 62, hakuna anayekaa na kiu wala mchafu. Sasa familia nyingi zimefika pale ambapo hakuna tena cha kupunguza, kwahiyo tumebadilisha mchezo, tunashindana kama nyumba nzima na nyumba ya yule bibi, nao wameshafunga mita zao mwezi uliopita na ubao wao una rangi ya kijani, tunaangalia tenki la nani litakuwa bado na maji mgao ukirudi.

Ijumaa iliyopita alfajiri kabla maji hayajafunguliwa nilitoka na tochi kuangalia, simu inasema asilimia 14, nikapanda ngazi kuhakikisha kwa macho, kweli yapo. Mama mwenye mtoto mchanga alikuwa tayari ameshaanza kufua nepi pale chini, hakuuliza kama maji yapo. Bado Jumatatu, ile ya Ijumaa mpaka Jumanne tenki linakata Jumatatu jioni, kwahiyo kila familia Jumapili inajaza madumu mawili ya kulalia, na tunachangishana mifereji ya bati ya kukinga maji ya mvua, tuwahi kabla ya Desemba.